Malango Yaliyoegeshwa

Mlango ulioegeshwa haukufungwa wala haukufunguliwa. Umerudishwa tu, bila ya komeo wala kitasa, na mpita njia huweza kuuona mwanga mwembamba ukipenya, akazisikia sauti za walio ndani, asizione nyuso zao. Hilo ndilo jina ambalo Elizabeth Stuart Phelps, mwandishi wa Marekani, aliipa riwaya yake The Gates Ajar, iliyotoka katika mji wa Boston mwishoni mwa mwaka 1868, naye akiwa na umri wa miaka 24. Malango anayoyakusudia ni malango ya peponi, na wanaosimama nje wakitega masikio ni wafiwa.

Ni chache riwaya za karne ya kumi na tisa zilizosomwa na watu wengi kama hii. Na miongoni mwa hizo zilizosomwa kiasi hicho, ni chache zinazomvunja moyo zaidi msomaji anayeifungua leo kwa kutafuta sanaa. Visa vyake ni haba, wahusika wake wengi ni midomo tu ya kutolea hoja, na maswali mazito kabisa ya mwanadamu, ya imani na ya maisha baada ya mauti, hujibiwa ndani yake kwa wepesi unaotia shaka. Hata hivyo, kuitupa kando bila ya kuiuliza ilikotoka itakuwa ni kukosa insafu. Kitabu dhaifu kilichowafuta machozi maelfu ya watu kina historia yake, na historia hiyo inamhusu kila anayeandika juu ya kifo, awe mshairi au mwandishi wa nathari.

Historia yenyewe inaanzia vitani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipiganwa tangu mwaka 1861 hadi mwaka 1865, baina ya serikali ya Muungano na majimbo ya Kusini yaliyojitenga ili kuuhifadhi utumwa. Kwa muda mrefu wanahistoria walikadiria kuwa askari 620,000 walikufa. Tafiti za karne hii zimeipandisha hesabu hiyo hadi kiasi cha 700,000, na nyengine hata 750,000, katika nchi iliyokuwa na watu wapatao milioni 31 mwaka 1860. Maradhi yaliua wengi zaidi kuliko risasi. Lakini risasi nazo hazikuwa na huruma: siku moja tu, tarehe 17 Septemba 1862, pale Antietam katika jimbo la Maryland, askari wapatao 23,000 wa pande zote mbili waliuawa, walijeruhiwa au walipotea.

Hesabu hizo zilikuwa na maana yake ndani ya nyumba. Watu wa zama zile walikizoea kifo cha kitandani: mgonjwa amezungukwa na jamaa zake, maneno yake ya mwisho yanasikilizwa na kuhifadhiwa kama ushahidi wa hali ya roho yake, kisha anaoshwa na kuzikwa na watu wa kwao. Vita viliyavunja hayo yote. Kijana alikufa mbali, hakuna wa kwao aliyemfumba macho, na mara nyingi alifukiwa katika kaburi lisilo na jina. Mama, dada au mchumba alipata simu ya maandishi au barua fupi, basi. Hapakuwa na maiti ya kuagwa wala kaburi la kuzuriwa.

Phelps aliyajua hayo kwa nafsi yake. Kijana aliyempenda alikuwa mwanajeshi, naye alikufa mwaka 1862. Na kabla ya hapo msiba ulikuwa umekwisha kumpitia: mama yake, ambaye naye alikuwa mwandishi, alifariki mwaka 1852, na mtoto aliyezaliwa kwa jina la Mary Gray akalichukua jina la mama yake, akaishi na kuandika kwa jina hilo. Alikulia Andover katika jimbo la Massachusetts, penye chuo cha theolojia kilichoanzishwa mwaka 1807 na Wakristo wa mkondo wa Calvin walioona kuwa Harvard imelegea katika itikadi. Babu yake mzaa mama, Moses Stuart, alikuwa mwanachuoni mashuhuri wa Kiebrania katika chuo hicho. Baba yake, Austin Phelps, alisomesha papo hapo fani ya kuhubiri. Binti huyu basi alikua katika nyumba ambamo mahubiri yalikuwa ndiyo kazi ya kila siku, na ambamo kila neno juu ya akhera lilipimwa kwa mizani ya Maandiko.

Upande wa pili wa ukoo wake palikuwa na kisa cha namna nyengine. Mwaka 1850 nyumba ya babu yake mzaa baba, kasisi Eliakim Phelps, huko Stratford katika jimbo la Connecticut, ilivuma magazetini kwa khabari za vitu kurushwa na mikono isiyoonekana. Miaka miwili kabla yake, katika jimbo la New York, wasichana wa ukoo wa Fox walidai kuwa roho za wafu zinawajibu kwa kugonga. Kutokana na madai hayo likazuka wimbi la watu waliokaa gizani kuizunguka meza, wakingoja ishara ya waliowapoteza, na vita viliwaongezea wengi hamu ya kuijaribu njia hiyo. Mfiwa wa Kimarekani alijikuta baina ya wahubiri waliomtaka aridhike na anyamaze, na wapiga ramli wa mizimu waliomuahidi mazungumzo. Phelps hakuridhika na wale wala na hawa.

Alianza kuiandika riwaya hiyo kiasi cha mwaka 1864, alipokuwa na umri wa miaka ishirini. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1896, anasimulia jinsi alivyokuwa akitafuta pembe ya utulivu katika nyumba iliyojaa watoto, akiandika katika baridi huku amejitanda vazi kuukuu la manyoya lililokuwa la marehemu mama yake. Anaeleza pia kwamba hakuwakusudia wanaume wala wanachuoni. Aliwakusudia wanawake, ambao vita viliwaponda bila ya yeyote kuwataka shauri.

Riwaya imetungwa kwa sura ya shajara. Mwenye shajara ni Mary Cabot, msichana wa mji mdogo wa kubuni uitwao Homer, na maandishi yake yanaanza katika miezi ya mwisho ya vita, wiki moja baada ya kupata khabari kwamba kaka yake Royal, ambaye nyumbani humwita Roy, ameuawa kwa risasi. Hakuwa na mwengine wa kuishi naye. Kurasa hizi za mwanzo ndizo bora katika kitabu kizima. Mary hataki kuonana na majirani, hataki kufarijiwa, na hawezi kusali. Shemasi Quirk anamjia kumuonya kwamba kutoiridhia hukumu ya Mungu ni dhambi. Kasisi wake, Dkt. Bland, anahubiri juu ya mbingu ambamo waliookoka hawana shughuli ila kumtukuza Mungu na kuzitafakari sifa zake. Mary haitamani mbingu hiyo. Anachotaka kujua ni kitu kimoja: kama Roy bado ni Roy, na kama bado anampenda.

Kisha anafika Bi Winifred Forceythe, mwanamke wa ukoo wake, mjane wa mchungaji, akitokea Kansas pamoja na binti yake mdogo Faith, jina ambalo maana yake ni Imani. Winifred ni mpole na msomi. Anazifungua aya za Biblia na vitabu vya wafasiri, halafu anajenga hoja yake: vinubi na njia za dhahabu ni mafumbo, Mungu aliyewaumba watu na mapenzi yao hatayafuta mapenzi hayo kwa sababu ya kifo, wafu wako karibu, wana miili, wana kazi, wana makaazi, nao wanawakumbuka watu wao. Msichana apendaye muziki, asiyeweza kuwa na piano, anaambiwa atakuwa nayo huko. Faith, aliye mtoto, anatarajia biskuti za tangawizi. Wenyeji wa Homer wanashangaa, wengine wanachukizwa, na polepole wengi wanavutika. Dkt. Bland mwenyewe, mkewe anapofariki kwa kuungua moto, anatambua kuwa mahubiri aliyowapa wengine hayamtoshi yeye, naye anamwendea Winifred. Mwishoni Winifred anafariki kwa saratani ya titi, na Mary anabaki na Faith wa kumlea, akiingoja siku yake kwa utulivu.

Riwaya inamvunja moyo msomaji kwanza katika ujenzi wake. Tangu Winifred anaposhuka safarini hadithi husimama na mazungumzo hushika nafasi yake, nayo ni mazungumzo ya mwalimu na mwanafunzi. Mary anauliza, Winifred anajibu, na jibu linamtosha. Mpinzani pekee aliyepewa nafasi ya kutosha ni Shemasi Quirk, mtu mgumu wa akili ambaye mtunzi amemuumba ili ashindwe. Hilo ni jambo la kusikitisha, kwani Phelps hakukosa kuwajua wapinzani wa kweli. Alilelewa na wanaume waliozisoma aya hizo hizo katika lugha zake za asili. Lau kama angempa Quirk nusu ya elimu ya Moses Stuart, au angempa Dkt. Bland ufasaha wa Austin Phelps, kitabu kingekuwa na mapambano ndani yake. Malenga akijibizana na asiyejua vina, ushindi wake haumpi sifa.

Pili ni akhera yenyewe. Insafu inataka isemwe kwamba Winifred hudokeza kuwa anasema kwa mifano: ikiwa si piano, basi kitu kitakachoushibisha moyo ule ule. Lakini mifano ikirundikana hugeuka kuwa orodha ya vyombo vya nyumba. Pepo ya riwaya hii ina makaazi ya kupendeza, ina miti na milima, ina muziki wa sebuleni, ina watu mashuhuri wa kuzungumza nao, na yote yanafanana mno na mji wa wastani wa Massachusetts uliofanyiwa usafi. Anayezoea ushairi wa dini hulihisi pengo hapo. Mshairi aliye hodari anaposema bustani au mito, neno lake huonyesha na huficha kwa pamoja, na msomaji husimama mbele yake kwa adabu. Kwa Phelps pazia linaondolewa, na nyuma yake pamewekwa kiti cha kukalia.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, ni waliosahauliwa. Roy anakufa katika vita vilivyoletwa na utumwa. Mwaka 1860 watumwa katika nchi ile walikaribia milioni nne, na miongoni mwao walikuwamo wazazi waliouziwa watoto wao, wasiwaone tena, wala wasipate hata barua fupi ya kuwaambia kuwa wamekufa. Kama kuna waliokuwa na haki ya kuuliza iwapo jamaa hukutana tena baada ya mauti, ni hao. Lakini sababu ya vita haipati uzito wowote katika shajara ya Mary, na huzuni ya watu hao haifiki Homer. Mbingu iliyokusudiwa kuwa pana kuliko ya Dkt. Bland imekuwa na wenyeji wa kata moja.

Wahakiki wa magazeti ya dini waliishambulia riwaya, si kwa kasoro hizo, bali kwa kuiona ni uzushi: mwanamke kijana, asiye na cheo chochote kanisani, ameipanga mbingu upya kwa mkono wake. Wasomaji hawakuwasikiliza. Hadi mwisho wa karne ile nakala kiasi cha 80,000 zilikuwa zimeuzwa Marekani, na Uingereza inakadiriwa ziliuzwa zaidi, nacho kikafasiriwa katika lugha kadhaa za Ulaya. Phelps alipokea barua kwa maelfu kutoka kwa wafiwa. Wafanyabiashara nao hawakulala. Jina la kitabu lilipachikwa kwenye kola za nguo na kwenye sigara, na wauza maua wakatengeneza mashada ya mazishi yenye umbo la malango yaliyoegeshwa.

Mwenye kejeli hakukosekana. Mark Twain aliandika hadithi ya nahodha mmoja, Stormfield, anayekwenda mbinguni akishindana mbio na kimondo njiani, akafikia lango ambalo silo lake kwa sababu mbingu ni kubwa kupita kiasi na dunia yetu ni kijidoa kisichojulikana na makarani wake. Twain alieleza kuwa alikusudia kukifanyia mzaha kitabu cha Phelps, ambacho kwa maoni yake kilikuwa na mbingu ndogo na ya bei rahisi. Aliishika hadithi hiyo kwa miongo kadhaa kabla ya kuitoa katika jarida la Harper's, mwishoni mwa mwaka 1907 na mwanzoni mwa 1908. Kejeli yake ni kali na ya haki, kwani inapiga pale pale palipo na udhaifu, kwenye udogo wa pepo. Lakini Stormfield hakufiwa na mtu. Anaingia akherani kama baharia anayeingia bandari mpya, na swali la Mary halimhusu.

Phelps mwenyewe hakuliacha lango lake. Mwaka 1883 alitoa Beyond the Gates, ambamo mwanamke mgonjwa anaota kuwa amekufa, anapokewa na marehemu baba yake, na kutembezwa mbinguni. Mwaka 1887 ikafuata The Gates Between, juu ya daktari anayekufa ghafla baada ya kugombana na mkewe. Hapa kasoro ya kitabu cha mwanzo imekomaa. Katika The Gates Ajar msomaji bado yuko upande huu, na mbingu ni maneno tu yanayosemwa na watu wenye machozi. Katika hivi vilivyofuata amekwisha kuvuka, na yaliyokuwa matumaini yamekuwa mandhari. Jina la kitabu cha pili linamaanisha ng'ambo ya malango, na kwa kuvuka huko mtunzi aliipoteza fadhila moja iliyokuwamo katika jina la kwanza: ule mlango ulioegeshwa, usioruhusu macho kuingia.

Pamoja na hayo, kinachobaki si kidogo. Kabla ya Phelps, kazi ya kuwafariji wafiwa wa Andover ilikuwa mikononi mwa wanaume waliosomeshwa jinsi ya kuifanya, na mmoja wa waliowasomesha alikuwa baba yake. Yeye aliiweka shajara mikononi mwa msichana, akamwacha aseme kuwa faraja aliyopewa haimfai, na kwamba mbingu isiyomjua kaka yake hana haja nayo. Kauli hiyo, katika nyumba kama ile na katika mwaka ule, ilihitaji ushujaa. Maelfu waliomwandikia hawakuwa wamepumbazwa na piano wala biskuti. Waliona kwamba hatimaye mtu amekiri waziwazi jambo walilokuwa wakilificha, kuwa walikuwa wamemkasirikia Mungu na bado wanamtaka.

Kosa lake ni haraka. Alikuwa na swali lenye thamani, akaogopa kuwaacha wafiwa nalo usiku mmoja zaidi, basi akawapa jibu kabla halijaiva. Ni kosa la huruma, na wanaofanya kazi ya kutunga tanzia hulijua vyema, kwa kuwa kila aliyeitwa kusema mbele ya jeneza amewahi kushawishika kusema zaidi ya anayoyajua. Phelps alifariki mwezi wa Januari 1911 huko Newton, Massachusetts, akiwa ameandika vitabu vingi, vingine bora kuliko hiki, nacho ndicho kilichombebea jina lake. Chuo Kikuu cha Harvard kilikitoa upya mwaka 1964, na tangu hapo kimesomwa zaidi na wanahistoria kuliko wafiwa.

Atakayekifungua asianze kwa kuitafuta pepo. Aisome shajara ya siku zile za mwanzo, kabla Winifred hajafika, Mary akiwa peke yake katika nyumba yenye vitu vya Roy. Halafu aende moja kwa moja pale Dkt. Bland, aliyeyajua yote kuhusu mbingu, anapokuja kubisha hodi akiwa mjane wa wiki chache. Baina ya kurasa hizo mbili imo riwaya ambayo Phelps hakuiandika.